Kuhosti websaiti za watu Arusha: kuna hela kweli au tunapotezana?

Kila mwaka vijana wakimaliza IT pale Chuo cha Ufundi, Uhasibu Njiro au Ushirika Moshi swali linarudi lile lile, nianzishe kampuni ndogo ya kuhosti websaiti, yaani kuwapangishia watu nafasi ya kuweka websaiti zao, au ntapoteza hela? Na majibu wanayopewa ni mawili, yote yanatolewa kwa nguvu. Wa kwanza wanasema hiyo biashara ilishakufa, makampuni ya nje kama Hostinger na Namecheap yanauza nafasi kwa dola mbili tatu kwa mwezi, wewe wa Mianzini utamuuzia nani. Wa pili wanasema Arusha ni mji wa utalii, ofisi za tours zimejaa kila kona, kila ofisi ina websaiti, kwa hiyo hela iko nje nje. Mimi naona kila upande umeshika nusu, na kinachoniumiza ni kwamba hakuna anayemkalisha kijana chini akamwambia atakuwa anauza kitu gani hasa.

Tuanze na hao wanaosema imekufa, maana hesabu iko upande wao zaidi ya tunavyopenda kukubali. Anayeanza hana seva yake, ile kompyuta inayowaka muda wote ikibeba websaiti. Anakodi nafasi kubwa kwa kampuni ya nje, anaikata vipande, anauza rejareja kwa jina lake, ndo inaitwa riseli. Ni kama mtu aliyekodi ghorofa zima pale Sokoine Road akaligawa fremu fremu, choo kikiziba mpangaji anakuja kugonga kwako, mwenye jengo hamjui. Sasa kwenye bei pekee huwezi kushindana na yule mwenye jengo, kwasababu bei yake ya kuvutia ni ya mwanzo tu, anakuuzia rahisi ukilipia miaka kadhaa mbele alafu ukija kurenew inapanda, na yeye anaweza kuvumilia hasara ya mwaka wa kwanza, wewe huwezi.

Chukua mfano tu. Tuseme una wateja 30, kila mmoja anakulipa 120,000 kwa mwaka, hiyo ni 3,600,000. Riseli unalipa dola 25 kwa mwezi na bakapu (nakala ya akiba) ya pembeni dola 5, jumla dola 360 kwa mwaka, dola ikiwa 2,600 inakula 936,000. Inabaki 2,664,000, yaani 222,000 kwa mwezi kabla hujatoa bando, nauli, leseni ya biashara na TRA. Na hapo una wateja 30, ambao kwa mtu anayeanza sio kazi ya miezi miwili. Ukiwa na wateja 10 inabaki 264,000 kwa mwaka mzima. Hiyo haiwezi kulipa kodi ya chumba hata Ngaramtoni.

Alafu matumizi yako yako kwenye dola na mapato yako kwenye shilingi. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kwenye 2,300 na kitu, mwaka uliofuata ikavuka 2,600, mwishoni mwa 2024 ikashuka tena, sasa wewe mteja ulishampa bei ya mwaka mzima utamrudia umwambie nini? Na zile kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotoka Machi 2025 zimekataza kutangaza au kutoza bei kwa dola ndani ya nchi, kwa hiyo ule mtindo wa kuandika invoisi kwa dola ili ujikinge haupo tena. Ongeza na leseni. cPanel, ile programu ambayo wateja wengi wameizoea kuendeshea akaunti zao, 2019 iliacha bei moja kwa seva nzima ikaanza kuhesabu kwa akaunti, na toka hapo imekuwa ikipanda. Waliokuwa wameweka akaunti mia mbili kwenye seva moja wakajikuta gharama imebadilika bila wao kubadilisha chochote. Ukiwa na VPS yako, yaani kipande cha seva unachokodi na kukiendesha mwenyewe, unaweza kutumia za bure kama HestiaCP au Virtualmin, na zinafanya kazi vizuri tu, ila hapo kila kinachoharibika ni chako mwenyewe.

Kwa hiyo imekufa? Hapana, na hapa ndo natofautiana nao. Wanalinganisha bei ya diski na bei ya diski, wakati mteja wa Arusha ananunua kitu kingine kabisa.

Piga picha mama mwenye lodge ndogo Usa River. Websaiti alitengenezewa na kijana mmoja miaka ya nyuma, kijana akahamia Dar, namba haipatikani. Asubuhi moja websaiti haifunguki, imeili za wageni haziingii, na kuna mgeni wa Ujerumani alisema atatuma jina la ndege na muda wa kutua KIA. Mama anapiga simu kwa kila mtu anayemjua, "mwanangu we si unajua mambo ya kompyuta, nisaidie." Ukiangalia unakuta domeni, yaani jina la websaiti, iliisha muda, na taarifa ya kurenew ilikuwa inatumwa kwenye imeili ya yule kijana kwasababu aliisajili kwa jina lake mwenyewe. Kama ni .com, kampuni nyingi zinakupa siku chache za kurenew kawaida, mwisho 45, zikipita zinafuata siku 30 ambazo kuikomboa kuna faini kubwa, alafu siku 5 za mwisho inafutwa na mtu yeyote duniani anaweza kuichukua. Na mama hawezi hata kuingia kwenye akaunti ya kulipia. Jina la lodge liko kwenye kibao cha barabarani, kwenye vipeperushi, kwenye mikataba na maejenti wa nje, na mmiliki kisheria ni mtu asiyepokea simu.

Hali hii hapa mjini ni ya kawaida mno. Huyo mama hamtafuti Hostinger. Hana shida na gigabaiti. Anataka mtu anayejua domeni yake inaisha lini, anayepokea simu, anayeongea Kiswahili, anayelipika kwa lipa namba na kutoa risiti ambayo mhasibu wake ataikubali. Kwa hilo atalipa 250,000 au 300,000 kwa mwaka na hataomba punguzo, sababu safari moja tu ya siku sita iliyopotea ni hela nyingi kuliko hiyo mara kadhaa. Na sio tours tu, kuna shule binafsi, mahospitali, NGO zilizojaa Njiro na Sakina, wauza kahawa Moshi. Kuna hata domeni za hotel.tz ambazo lodge nyingi hazijui kama zipo.

Sasa hapo hapo kwenye uzuri ndo hatari ilipo, na hii ndo sehemu ambayo wanaohamasisha wanairuka. Websaiti ikilala kwa masaa mawili mteja anaweza asijue. Imeili ikilala dakika ishirini anajua. Ofisi ya tours inaishi kwenye imeili, mgeni anauliza bei ya Serengeti kwa kampuni nne kwa mpigo, anayewahi kujibu ana nafasi kubwa ya kumpata. Kwenye riseli mara nyingi akaunti zako zote zinatuma imeili kwa anwani moja ya IP (namba ya seva kwenye intaneti), kwa hiyo mteja wako mmoja akiibiwa paswedi na mtu wa mbali akaanza kumwaga spamu usiku, IP inaingia kwenye orodha nyeusi kama ya Spamhaus na kesho yake majibu ya wateja wako wote 30 yanakataliwa au yanaishia kwenye folda ya spamu kule Ulaya. Hawatakwambia saa hiyo hiyo. Watakaa wiki wakishangaa mbona wageni wamekuwa kimya. Toka Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza zaidi, imeili ya domeni isiyo na SPF au DKIM, zile rekodi za kuthibitisha kuwa imeili kweli imetoka kwako, inapata tabu kufika, na wanaotuma kwa wingi wanatakiwa wawe na DMARC pia, inayosema imeili feki ifanyweje. Kama hayo maneno matatu bado hujawahi kuyaweka mwenyewe kwenye domeni na ukaona yanafanya kazi, usipokee hela ya mtu kwa ajili ya imeili. Mimi naona bora umuwekee mteja imeili Google Workspace au Zoho, websaiti ibaki kwako. Faida inapungua ila unalala.

Bakapu nayo. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la data senta la OVH pale Strasbourg, Ufaransa, liliungua, na kuna waliopoteza kila kitu sababu bakapu zao zilikuwa hapo hapo. Kampuni kubwa kabisa hiyo. Kwa hiyo kuambiwa "tunafanya bakapu kila siku" hakutoshi, weka nakala kwa kampuni nyingine, nchi nyingine, na jaribu kuirudisha websaiti nzima kutoka kwenye hiyo nakala kabla hujaihitaji.

Alafu kuna WordPress, programu ya kujengea websaiti. Websaiti nyingi utakazopokea zimejengwa kwa WordPress na theme (muonekano wa websaiti) ya wizi iliyopakuliwa bure, ndani ina mlango wa nyuma. Siku moja utatafuta jina la lodge ya mteja wako Google utaona kurasa mia zina maandishi ya Kijapani zinauza viatu na mikoba. Kusafisha hiyo ni kazi ya siku mbili, na mteja anaamini ni kosa lako. Kagua websaiti kabla ya kuipokea, ikiwa chafu toza usafi kwanza au ikatae.

Kuna chalii wanauliza kwanini nisiweke seva yangu hapa hapa, tuna fiba siku hizi. Nawaelewa, nami napenda vitu vikae nyumbani, na Arusha ina kituo chake cha kubadilishana intaneti, AIXP, sio mji wa nyuma kwenye haya mambo. Lakini fikiria mgao wa umeme wa 2023 kuingia 2024. Ukiahidi websaiti itakuwa hewani asilimia 99.9 ya muda, unaruhusiwa kulala kama masaa nane na dakika 45 kwa mwaka mzima, hizo kwenye mgao zinaisha ndani ya siku moja. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na 29 Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Siku kama hizo websaiti iliyoko Ulaya mgeni wa Munich bado anaifungua, iliyoko chumbani kwako Kijenge inaweza isifunguke kwake kabisa. Kwa biashara ambayo wateja wake wako nje, seva ikae karibu na wateja. Ila usijidanganye kuwa hapo umemaliza, maana kama wewe huna njia ya kuingia kwenye seva siku hizo, hakuna anayeangalia. Tafuta mwenzako unayemwamini aliye nje ya nchi mkubaliane mapema.

Na kuna upande wa sheria ambao wengi wanaupita kimya kimya. Zile imeili za tours zimejaa picha za pasipoti za wageni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, kuna Tume yake, kuna usajili, na kuna masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Ukihifadhi taarifa za wateja wa mteja wako na wewe umo. Nenda uulize Tume, uulize na TCRA kuhusu leseni, ujue umesimama wapi kabla hujaweka kibao.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, nakwambia anza, lakini usianze kama kampuni ya hosting. Anza na wateja wanne watano ambao tayari uliwatengenezea websaiti, wanaokujua kwa sura, uwauzie uangalizi wa mwaka mzima, nafasi kwenye seva iwe humo humo ndani. Domeni zisajiliwe kwa jina la mteja na imeili ya mteja, wewe ubaki mtu wa ufundi tu, hata kama kwa kufanya hivyo unampa uhuru wa kukuhama kesho. Mkataba uwe wa kurasa mbili za Kiswahili unaosema nini unalinda na nini hulindi, simu unapokea saa ngapi, na paswedi ziko kwa nani ukiugua. Bei ya chini usiishushe kwa yeyote, sababu mteja wa elfu hamsini kwa mwaka ndo atakayekupigia saa tano usiku. Kazi yako ya kujenga websaiti usiiache mpaka hela ya uangalizi peke yake ilipe kodi ya nyumba, na kwa wengi hilo litachukua zaidi ya mwaka.

Na kuhamisha websaiti za watu kutoka zilikokuwa fanya Aprili na Mei, masika, lodge zingine zimefunga na simu za ofisi zimepoa, kitu kikiharibika una muda wa kurekebisha. Usiguse DNS (mipangilio inayoelekeza domeni kwenye seva) ya kampuni ya utalii kuanzia Juni mpaka Oktoba. Mteja akilazimisha mwambie hapana, subiri mvua.