Ajira mpya, walimu wakongwe na chupa mbili za sodiamu kaboneti

Walimu wa sayansi wakiambiwa wakutane shuleni kila wiki wapeane uzoefu, jibu la haraka ofisini huwa ni hili: tupeni kwanza maabara, kemikali na walimu wa kutosha, mikutano itafuata. Ndivyo wengi walivyoupokea mpango wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unaowataka walimu wa Tanzania kuunda jumuiya za kujifunza katika shule zao. Wanaoupinga wana sababu nzito, na nitazifikia. Ila katika mabishano haya naona upande mmoja haujasikika sawasawa, na kosa ni la watetezi wake wenyewe. Wanautetea kwa maneno ya warsha, umahiri na uendelevu na ushirikishwaji, na mwalimu mwenye vipindi karibu thelathini kwa wiki akishayasikia hayo mara moja hasikilizi tena.

Hoja yenyewe inaeleweka vizuri zaidi ukiingia stoo ya kemia.

Wanafunzi wa kidato cha nne wanatakiwa kutafuta ukolezi wa asidi ya hidrokloriki kwa kutumia myeyusho wa sodiamu kaboneti wa mola 0.05. Myeyusho huo unaandaliwa na mwalimu. Kama chupa aliyoikuta stoo ina unga mkavu, atapima gramu 5.3 kwa lita moja. Kama ina fuwele zilizobeba maji ndani yake, atahitaji gramu 14.3. Chupa zote mbili zimeandikwa jina lilelile. Tofauti iko katika fomula iliyochapwa kwa herufi ndogo chini yake, na kwenye stoo nyingi lebo imeshaliwa na asidi au unyevu. Mwalimu wa ajira mpya, ambaye chuoni alikuta miyeyusho imeshaandaliwa na fundi wa maabara, anapima gramu 5.3 za zile fuwele. Hapo myeyusho wake una mola 0.0185 hivi, zaidi kidogo tu ya theluthi moja ya uliotakiwa.

Sasa wafuate wanafunzi. Kwa asidi ya mola 0.1, kila sentimita za ujazo 25 za ule myeyusho zilipaswa kumaliza sentimita 25 za asidi. Mwanafunzi anafungua bureti, ile neli yenye vipimo inayodondosha asidi, na rangi inabadilika kwenye 9.3. Anarudia, anapata 9.2. Anarudia tena, 9.3. Amefanya kila kitu kama alivyofundishwa, vipimo vyake vinapatana, na akipiga hesabu anapata asidi ya mola 0.27. Jirani yake kapata hivyohivyo, darasa zima limepata hivyohivyo. Mwalimu anajua jibu ni 0.1 na hajui kosa liko wapi. Kengele imekaribia. Anafanya ambalo wengi hulifanya: anaandika ubaoni vipimo “vilivyotakiwa kupatikana” na wanafunzi wanavinakili.

Siku hiyo darasa limefundishwa kupika data, na tabia hiyo haiishii hapo. Mwanafunzi ameona kwa macho yake kwamba kipimo cha mkono wake hakina thamani mbele ya jibu la kitabu. Akifika kwenye fizikia, kwenye pendulamu au daraja la mita (kifaa cha kupimia ukinzani wa umeme), hataona haja ya kupima mara tatu, kwa sababu grafu inayopendeza inaweza kuchorwa kwanza na namba zikatafutwa baadaye. Akienda chuo kikuu anakwenda na tabia hiyo, na kama atakuwa mwalimu, atairudisha darasani. Tunapolalamika kwamba vijana wetu wanakariri sayansi bila kuiamini, tunalaumu mtaala, lugha ya kufundishia na wingi wa wanafunzi. Vyote vinastahili lawama. Lakini kuna vipindi vingi vya aina hii, ambapo maabara ilikuwepo, kemikali ilikuwepo na mwalimu mwenye shahada alikuwepo, na bado somo likaharibika kwa sababu ya jambo ambalo mwalimu wa chumba cha pili angelimaliza kwa dakika mbili.

Mkongwe anajua kuzitofautisha zile chupa hata kama lebo zimefutika. Anatia chembe chache kwenye neli ya majaribio na kuzichemsha: zikiwa na maji, matone yatajikusanya karibu na mdomo wa neli. Anajua pia kwamba kuna hali ya tatu inayosumbua kuliko zote, fuwele zilizokaa miaka kwenye stoo kavu zikapoteza sehemu ya maji yake na kuota unga mweupe, ambapo si 5.3 wala 14.3 itakayotoa jibu sahihi. Hizo anazikausha kabisa kwa moto kabla ya kuzipima. Na juu ya yote ana desturi ya kulifanya jaribio zima mwenyewe siku moja kabla, ili kama kuna kosa alikute akiwa peke yake.

Maarifa haya yalipatikana kwa shida. Mpango wa MMES, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulipoanza mwaka 2004, shule za kata ziliongezeka kwa kasi ambayo maabara na walimu hawakuweza kuifuata. Waliofundisha sayansi wakati huo walilazimika kutafuta vifaa sokoni. Mrututu wa duka la pembejeo ukawa kopa salfeti ya darasani. Ungaunga mweusi wa betri kavu zilizokwisha, ukichanganywa na haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa, ulitoa oksijeni ya kutosha kuwasha tena kijiti kilichobaki na kaa. Choya ilichemshwa ikawa kiashiria cha asidi na besi. Asidi ya betri ilinunuliwa kwa mafundi wa magari na kuzimuliwa, na hapa aliyekosa wa kumwambia kwamba asidi ndiyo humiminwa ndani ya maji, wala maji hayamiminwi ndani ya asidi, alijifunza kwa kuungua. Wengi wa walimu hao sasa wanakaribia kustaafu. Andalio la somo halibebi ujuzi wao, na faili la idara halina.

Kwa hiyo ninaposikia “tupeni maabara kwanza” nakumbuka kampeni ya maabara ya mwaka 2014, wakati wa Rais Jakaya Kikwete, shule za kata zilipoagizwa kuwa na vyumba vitatu: fizikia, kemia na baiolojia. Wananchi walichangishwa, kuta zikapanda. Kampeni ile inawapa nguvu wapinzani wa mikutano, kwa kuwa majengo mengi yalikaa muda mrefu bila vifaa, na mwalimu aliyeahidiwa gesi na mabomba ya maji ana haki ya kuchoka akiletewa mwongozo mwingine. Vilevile inaonyesha kwamba jengo, na hata jengo lenye vifaa, linamhitaji mtu aliyeonyeshwa namna ya kulitumia.

Hoja ya pili ya wapinzani ni nzito kuliko hiyo, ingawa haisemwi sana: walimu wakikaa wenyewe wanaweza kuambukizana makosa. Ni kweli. Jaribio la mshumaa uliofunikwa kwa bilauri ndani ya sahani ya maji limepita mikononi mwa vizazi vya walimu likiwa na maelezo yaleyale, kwamba maji yanapanda moja ya tano kwa sababu oksijeni imeungua ikaisha. Mshumaa huzimika kabla oksijeni haijaisha, na maji hupanda zaidi kwa sababu hewa iliyokuwa na joto imepoa na kusinyaa. Kama mwalimu mkongwe atamkabidhi mgeni maelezo hayo pamoja na heshima ya umri, kosa litaishi miaka mingine thelathini. Vivyo hivyo kwa mazoea ya kukaririsha mitihani iliyopita kuanzia kidato cha tatu, ambayo baadhi ya wakongwe huyaita uzoefu.

Dawa ya hilo ninaiona katika namna ya kukutana. Mkutano wa kusimuliana hauwezi kukamata kosa la mshumaa. Mkutano ambao bilauri iko mezani utalikamata: weka mishumaa mitatu badala ya mmoja chini ya bilauri ileile, maji yatapanda juu zaidi, wakati oksijeni iliyokuwemo ni ileile. Anayependekeza kuongeza mishumaa mara nyingi atakuwa yule kijana, ambaye hajazoea jibu. Ndiyo maana sikubaliani na picha ya mkongwe anayetoa na mgeni anayepokea. Kijana anakuja na simu inayorekodi mpira ukidondoka kando ya rula, na picha zikitazamwa moja baada ya nyingine zinaonyesha mchapuko katika shule isiyo na kifaa hata kimoja cha kupimia mwendo. Anakuja pia na ujasiri wa kusimamia miradi ya wanafunzi. Maonyesho ya Young Scientists Tanzania, yanayofanyika tangu 2012, yanataka mwanafunzi awe na swali lake, njia ya kulipima na namba alizozipata mwenyewe, na mwalimu ambaye hajawahi kusimamia kazi ya namna hiyo huishia kuwajengesha wanafunzi modeli ya volkano.

Peter Tabichi, mwalimu wa shule ya sekondari ya Keriko, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, aliposhinda tuzo ya mwalimu bora duniani mwaka 2019, habari ilisimuliwa kama ya mtu mmoja. Katika maelezo yaliyotolewa na waandaaji wa tuzo hiyo mlikuwemo walimu wenzake wanne, waliokuwa wakiwafundisha pamoja naye wanafunzi dhaifu wa hisabati na sayansi nje ya saa za darasa na mwishoni mwa wiki. Napenda kuwataja hao wanne kila Tabichi anapotajwa.

Kenya hiyohiyo ina ushahidi wa pande zote mbili. Mradi wa SMASSE, wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi sekondari, ulioanza 1998 kwa msaada wa Japani, uliwahimiza walimu wa hisabati na sayansi kupanga, kutenda, kutazama na kuboresha, na kubuni vifaa kutokana na vitu vinavyopatikana. Mawazo yalikuwa mazuri. Yalishushwa ngazi kwa ngazi, wakufunzi wa taifa kwa wa wilaya, wa wilaya kwa walimu, wakati wa likizo, na manung'uniko kuhusu posho hayakukoma. Mwaka 2021 TSC, tume inayoajiri walimu wa Kenya, ilipozindua mafunzo ya lazima yenye ada ya shilingi 6,000 za Kenya kwa mwaka kutoka mfukoni mwa mwalimu, upinzani ulikuwa mkali zaidi, na kwa maoni yangu ulikuwa wa haki. Zambia, iliyopata msaada wa Japani pia, ilianza mwaka 2005 katika Mkoa wa Kati kwa namna tofauti: walimu wa sayansi wanaandaa somo moja pamoja shuleni kwao, mmoja analifundisha, wengine wanakaa nyuma kuwatazama wanafunzi, kisha wanalijadili na kulirekebisha. Hakuna hoteli wala posho ya kugombania. Kinachojadiliwa ni somo ambalo wote wamelishuhudia.

Bado kuna mwalimu ambaye mpango huu haujamjibu, na kwake nawaunga mkono wapinzani bila sharti. Ni yule wa fizikia aliye peke yake shuleni, anayefundisha kidato cha kwanza hadi cha nne. Jumuiya yake ya kujifunza ina mwalimu wa historia na wa Kiswahili. Watazungumza nidhamu na namna ya kuuliza maswali, mambo ya maana, ila hakuna atakayemsaidia kuhusu daraja la mita. Mwenzake yuko kata ya jirani, nauli ya kwenda na kurudi anaijua mwenyewe, na siku akiondoka vipindi vyake vinakaa bila mtu. Shule za kata tatu au nne zikipangiwa mchana mmoja kila wiki mbili usio na vipindi vya somo hilo, na nauli ikatoka kwenye fungu la shule, atapata mtu wa kufungua naye stoo.

Hilo linahitaji mtaaluma akubali kugusa ratiba na mkuu wa shule akubali kwamba mchana huo ni kazi, na vipindi vya mwalimu vipunguzwe kwa kiasi hicho. Linahitaji pia mthibiti ubora wa shule aache kuanza na fomu za mahudhurio. Akifika idara ya kemia aulize ni jaribio gani muhula huu mlilifanya pamoja likawashinda, na mkalibadilisha vipi, kisha aombe aonyeshwe.