Chora jedwali tupu kwanza, sura ya kwanza baadaye

Mtihani wa mbinu za utafiti katika shahada ya uzamili kwa kawaida humtaka mwanafunzi ataje aina za sampuli, atofautishe utafiti wa kitakwimu na wa kimaelezo, kisha afafanue uhalali na uthabiti. Anafaulu. Muhula unaofuata analeta pendekezo la utafiti ambalo sura yake ya tatu, ile ya mbinu, ungeweza kuing'oa na kuibandika kwenye pendekezo la mtu mwingine kuhusu shule za Kitui, na msomaji asishtuke. Sidhani kosa hili ni la uvivu. Tunamfundisha aanze na kichwa, afuatishe usuli, kisha tatizo, kisha mapitio ya maandishi. Mbinu zinamfikia mwisho, ameshachoka na tarehe ya kulitetea pendekezo mbele ya jopo iko mlangoni. Mpangilio wa sura umewekwa kwa ajili ya msomaji, na mwandishi halazimiki kuufuata anapofanya kazi.

Chukua kichwa ambacho kila msimamizi mwenye wanafunzi wa Lamu amekiona kwa namna moja au nyingine: "Athari za ujenzi wa bandari ya Lamu kwa maisha ya wavuvi." Kwa hotuba, kinafaa. Kwa utafiti, neno la kwanza tu limeshamweka mwanafunzi kwenye deni asiloweza kulilipa. Ukisema athari, umedai kwamba unajua mambo yangekuwaje bila bandari. Mradi ulizinduliwa Machi 2012 na gati la kwanza likaanza kazi Mei 2021. Anayeanza leo hana vipimo vyake vya kabla. Na katika kipindi hicho hicho wavuvi wa Lamu walipigwa marufuku kuvua usiku kwa sababu za usalama. Samaki wakipungua, utajuaje kama ni uchimbaji wa mlango wa meli au ni zile saa za usiku zilizopotea?

Kwa hiyo, kabla ya aya hata moja, chora jedwali la matokeo lisilo na namba. Kwenye mistari weka madiko, yaani mahali samaki wanaposhushwa: ya karibu na bandari, tuseme Mokowe na Amu, na ya mbali. Kwenye safu wima weka kilo kwa chombo kwa safari, saa zilizotumika baharini, aina ya mtego, msimu. Hapo maswali yanaanza kujitokeza yenyewe. Diko gani la mbali? Mwanafunzi atasema Kiunga. Lakini Kiunga iko kwenye hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1979, yenye masharti yake ya uvuvi, kwa hiyo hailingani na Mokowe kwa jambo jingine kubwa mbali na bandari. Labda Faza au Kizingitini. Pengine pia hakuna diko linalofaa kabisa, na hilo lazima lijulikane kabla ya kulipa ada ya muhula mwingine.

Jedwali tupu pia hulazimisha uamuzi ambao mapendekezo mengi huukwepa: unampima nani? Wengi huandika "wavuvi". Lakini samaki huvuliwa na chombo. Nahodha na mabaharia wake wanagawana mapato, na fungu la chombo na mitego huenda kwa mwenyewe. Ukiwahoji mabaharia watano wa mashua moja kuhusu mavuno ya jana, umepata jibu moja lililosemwa mara tano. Kama swali ni kilo, hesabu vyombo. Kama swali ni kipato cha nyumbani, hesabu kaya. Ukitaka yote mawili, hayo ni majedwali mawili, na huenda ni mapendekezo mawili.

Hapa ndipo fomula za ukubwa wa sampuli zinapotumika vibaya mno. Wavuvi 4,600 ndio waliotajwa katika kesi ya bandari hiyo, ambayo Mahakama Kuu iliamuru mwaka 2018 wafidiwe shilingi bilioni 1.76. Tia 4,600 kwenye fomula ya Yamane kwa kosa la asilimia 5: 4,600 gawanya kwa 1 jumlisha 4,600 mara 0.0025, yaani 4,600 kwa 12.5. Jibu ni 368. Mwanafunzi anaandika 368, jopo linatikisa kichwa kwa kuridhika, na hakuna aliyeuliza fomula ile inakadiria nini. Inakadiria ni asilimia ngapi ya watu wote wenye sifa fulani, kwa mfano waliobadilisha mtego, ikiwa kila mtu amechaguliwa peke yake kwa bahati nasibu. Ukiwachagua watano watano kwa chombo, majibu yao yanafanana. Tuseme uwiano wa kufanana huko ni 0.5. Zidisha 4 (watano toa mmoja) kwa 0.5, ongeza 1, unapata 3. Gawanya 368 kwa 3 hiyo: watu wako 368 wamebaki na uzito wa watu 123 hivi.

Na kama lengo ni kulinganisha wastani wa kilo kati ya makundi mawili, Yamane haihusiki kabisa. Unahitaji kujua kilo hutofautiana kiasi gani kutoka safari hadi safari, na tofauti ndogo kuliko zote ambayo ungependa isikupite. Kanuni ya haraka: 16 mara mraba wa mkengeuko wastani (kipimo cha kutofautiana huko), gawanya kwa mraba wa tofauti hiyo. Mkengeuko ukiwa kilo 10 na tofauti unayoitafuta kilo 5, ni vyombo 64 kwa kila kundi. Tofauti ikiwa kilo 2 tu, ni vyombo 400 kwa kila kundi, na hapo afadhali ubadilishe swali. Mkengeuko wenyewe utautoa wapi? Kwenye madaftari ya kamati ya ufuo, BMU kama wavuvi wanavyoiita, au kwa kukaa dikoni wiki mbili na mizani. Hayo ndiyo majaribio ya awali yenye maana, kuliko kugawa hojaji 30 ili kupata alfa ya Cronbach iliyovuka 0.7. Alfa hupima kama vipengele vya kipimo kimoja vinakwenda pamoja. Uliza jambo lile lile kwa maneno kumi tofauti na itapanda bila shida. Kwa swali la "ulipima kilo ngapi?" haina kazi.

Orodha ya BMU nayo isichukuliwe kama msahafu. Ina wenye vyombo na wachuuzi, na inaweza kuwa na majina ya watu waliokwishaacha bahari. Mara nyingi inawakosa wavuvi wa kuja na wanawake wanaotafuta pweza miambani maji yakipwa. Ipitie na katibu jina kwa jina kabla ya kupiga kura ya sampuli, na useme kwenye pendekezo ni nani hamo.

Muda wa kukusanya data karibu kila pendekezo huuandika kwa mstari mmoja: "Machi hadi Mei." Kwa pwani hii mstari huo unaweza kuua utafiti. Machi bado ni kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini-mashariki, bahari imetulia. Mei kusi, upepo wa kusini, imeshashika na vyombo vidogo havitoki nje ya mwamba. Wastani wa miezi hiyo mitatu hauelezi msimu wowote. Chagua msimu mmoja, au pima yote miwili kando kando. Ndani ya mwezi pia, bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanapobadilika kidogo) hazitoi mavuno sawa kwa mitego yote, kwa hiyo panga siku za kupima kwa mwezi wa angani: siku mbili za bamvua na mbili za maji mafu, dikoni kote, tarehe zile zile. Ramadhani ikiangukia humo, iandike kabla haijakushangaza.

Ukimaliza haya, sura ya kwanza huandikika kwa siku chache. Tatizo la utafiti linatosha nusu ukurasa: kinachojulikana, kisichojulikana, na uamuzi gani umekwama kwa kutojulikana huko. "Wavuvi wanateseka" ni malalamiko ya haki, lakini si pengo la kiutafiti. Malengo mahususi yawe matatu, yenye vitenzi vinavyopimika kama kulinganisha na kubainisha, na kila lengo lioneshe jedwali lake. Lengo lisilo na jedwali wala mwongozo wa mahojiano, futa. Kichwa nacho kitanyenyekea: "Tofauti ya mavuno ya vyombo vinavyotumia mitego ya madema kati ya madiko ya karibu na ya mbali na bandari ya Lamu, msimu wa kaskazi." Hakipendezi sana. Kinajibika.

Vibali vina foleni yake. Jopo la chuo kwanza, kamati ya maadili ya pili, ndipo NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, ambayo haitoi leseni ya utafiti bila barua ya maadili. Leseni hudumu mwaka mmoja, na kabla ya kuanza kazi unajulisha ofisi ya kamishna wa kaunti, ya mkurugenzi wa elimu na ya gavana. Kisha chifu, kisha mwenyekiti wa BMU. Ukitaka kupima kaskazi inayoanza Novemba au Desemba, tetea pendekezo mapema mwaka huo huo, si Septemba.

Kwenye bajeti, jopo litakata boti kwanza, kwa kuwa wajumbe wa bara huona nauli ya bodaboda inatosha. Usikubali. Weka boti ya kwenda visiwani kwa kila siku ya kupima, na siku ya akiba kwa kila tatu, kwa maana kushuka kijiji cha Pate kunategemea maji, na chombo kilichochelewa saa mbili kinakuta samaki wameshauzwa.