C ni China, Mwalimu

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nalisema mwenyewe mapema ili usilisikie kwa watu, maana hapa Lushoto wanaonisimulia ni wengi, na kila anayenisimulia anaanza hapo hapo: "Halafu eti anafundisha hesabu!"

Nina Hilux ya kabini moja, fowili, niliyoinunua kwa mkopo wa SACCOS. Anayeishi milima ya Usambara haulizi fowili ya nini. Masika yakianza, barabara ya kutoka Lukozi inageuka uji, na gari la kawaida likikwama unalisalimia kila asubuhi kama jirani. Gari lilikuja na matairi yaliyokwisha kabisa, kashata hakuna, vipara vitupu. Fundi wangu akachana pakiti ya sigara, akaniandikia nyuma yake: 225/70R15C. Akasema, "Mwalimu, nunua hivi hivi kama nilivyoandika. Usiongeze, usipunguze." Kisha akasafiri Handeni msibani, na mimi nikashuka Tanga.

Dukani, maeneo ya Ngamiani, nilimkuta kijana mwenye maneno laini na soda mkononi. Nikamwambia nataka 225/70R15. Kabla hajanyanyuka nikaanza kumfundisha, maana ugonjwa wa ualimu hauna likizo. 225 ni upana wa tairi kwa milimita. 70 ni kimo cha ukuta wake kwa asilimia ya huo upana, yaani milimita 157 na nusu. R ni rediali, 15 ni ringi kwa inchi. Jumlisha kuta mbili na ringi, unapata tairi lenye kimo cha milimita 696. Likizidi sana hapo linakwangua madigadi ukikata kona na spidomita inaanza kusema uongo. Likipungua, gari linakaa kama linachutama.

Kijana alinisikiliza mpaka mwisho. Sasa najua kwamba alikuwa ananipima.

Akaleta matairi mawili. La kwanza lilikuwa limeandikwa 225/70R15C, kisha 112/110R. Jeusi tu, la kawaida, kama tairi la gari la maji. La pili liliandikwa 225/70R15, kisha 100S, na ubavuni lina maandishi meupe makubwa yanayosomeka toka ng'ambo ya barabara. Kashata zake zimechongwa kama meno ya mamba. Vipimo sawa, kimo sawa, milimita 696 hapa na pale. Tofauti ni hiyo herufi na hizo namba.

"Hii C ni ya nini?"

"C ni China, Mwalimu." Alisema kwa sauti ya chini, kama anayenisitiri.

"Na hizi namba? Huku 112, huku 100?"

"100 ni ubora. Asilimia mia. Sasa hiyo 112, Mwalimu, we mwenyewe umeona wapi asilimia mia na kumi na mbili?"

Hapo alinipata. Miaka kumi na moja nimekuwa nikiwachora msalaba mwekundu wanafunzi wanaoniletea uwezekano unaozidi asilimia mia. Nikatikisa kichwa kuyasikitikia matairi yenye C.

"Na hii R ya mwisho?"

"Rijekti. Hiyo nyingine ni S. Supa."

Nikanunua manne ya asilimia mia, supa, yasiyo ya China, kwa kuongeza elfu thelathini kila moja. Yakafungwa pale pale. Karatasi ya fundi ilikuwa mfukoni na C yake, wala sikuitoa. Nilijiambia fundi ni mtu mzuri lakini hakusoma.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa tamu. Gari lilikuwa linatembea kama limevaa ndala. Mashimo yote ya Magamba sikuyasikia. Walimu wenzangu walipanda wakashuka wakisifu. Mjomba wangu, mzee aliyeendesha malori zaidi ya miaka thelathini, alikuja nyumbani akalizunguka gari mara moja, akagonga tairi la nyuma kwa bakora yake, akasema neno moja:

"Laini."

"Asante, mjomba," nikamwambia.

Alinitazama kidogo, kisha akaomba chai.

Ndipo yakaja mambo ya viazi. Lori lililokuwa libebe viazi vya mjomba toka Lukozi kwenda Korogwe liliharibika, na mnunuzi alikuwa anasubiri. Mjomba akanipigia jioni. "Magunia kumi, mjomba, kesho alfajiri." Nikapiga hesabu nikiwa bado nimeshika simu: gunia kilo 100, magunia 10 ni kilo 1,000, Hilux inabeba tani moja. Imekaa! Sijawahi kuona swali lililotoa jibu zuri vile.

Nilichosahau ni kwamba gunia la kilo mia lipo kwenye vitabu vya hesabu tu. Shambani kuna lumbesa. Lumbesa imepigwa marufuku, na kila msimu inapigwa marufuku tena. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu linashonewa kofia ya kamba, na juu ya kofia wanaongeza viazi vingine kana kwamba mwenye gunia anahama dunia. Niliona makuli watatu wakinyanyua gunia moja huku wakimtaja Mungu, na bado sikushtuka. Nilidhani ni wavivu.

Baada ya magunia, mke wa mjomba alileta mkungu wa ndizi, "ya njiani tu." Jirani akaleta tenga la pea. Kisha akaja beberu mmoja, amefungwa kamba, mwenye uso wa mtu aliyezoea kusafiri. Wa nani? Hakuna aliyejua vizuri, ila alikuwa anatakiwa Mombo. Kijana wa kumshika naye akapanda. Nilipotazama nyuma kwa kioo, matairi yangu ya supa yalikuwa yamekaa chini kama chapati za maji.

"Yamelala," nikasema.

"Ongeza upepo," akasema mjomba, akavuta kofia usoni.

Pale Lushoto mjini tukasimama kwa kijana wa pancha. Hana hata miaka kumi na minane yule. Akachuchumaa, akafuta vumbi ubavuni mwa tairi kwa kidole gumba, akasoma. Akasoma tena. Akaniinulia uso.

"Mwalimu, hizi ni za kubebea watu."

"Hizi ni za Ulaya," nikamjibu.

"Sawa, lakini za watu wa Ulaya, siyo viazi."

Nikamwambia ajaze upepo aache siasa. Alijaza mpaka kiwango cha mwisho kilichoandikwa, akagoma kuzidisha, akachukua hela yake. Tulipoondoka nilimwona amesimama barabarani anatuangalia, mikono kiunoni.

Toka Lushoto kuteremka Soni, na Soni kuteremka Mombo, ni lami lakini ni kona juu ya kona, huku jabali, huku bonde. Nilikwenda pole pole, gia ya pili, kilomita ishirini kwa saa. Kila kona gari lilikuwa linachelewa kuamua. Mimi nimeshakata usukani, kichwa kimeshageuka, makalio bado yanafikiria. Tukapita Soni salama. Chini yake kidogo nikasikia harufu ya raba, kisha mlio wa mtu anayepiga ngoma kwa mbali, du, du, du, du.

"Hiyo ni nundu," mjomba akasema bila kufungua macho. "Simama sehemu pana."

"Sehemu pana iko wap..."

Tairi la nyuma kushoto lilipasuka kama baruti ya kuvunjia mawe. Gari likainama upande wa jabali, tushukuru, likasimama lenyewe. Beberu aliruka. Yule kijana wa kumshika akaruka baada yake, sijui kwa wajibu au kwa woga. Gunia la juu kabisa likaegama, likatafakari, likaanguka, na kofia ya lumbesa ikafunguka. Viazi vilianza safari ya Korogwe bila sisi. Vilikuwa vinakata kona vizuri kuliko mimi. Kona ya chini kulikuwa na mama anakaanga mihogo, tulimsikia anaita watoto, "Leteni ndoo! Leteni na beseni!"

Spea ilikuwa tairi moja lililobaki katika yale ya zamani. Kipara, limechanika chanika, limeandikwa 225/70R15C. Tulilifunga kwa jasho. Lilikaa chini ya mzigo ule limesimama wima, halikubonyea, huku mwenzake wa kulia, mpya, mwenye maandishi meupe, ameshaanza kuota kitambi ubavuni, cha ukubwa wa ndimu.

Mjomba akakaa juu ya jiwe. "Mwalimu," akasema. Akiniita mjomba tuko salama. Akiniita Mwalimu kuna shida. "Hebu soma tairi limeandikwaje. Siyo yale meupe. Yale madogo."

Nikapiga magoti lamini. Maandishi ya ukubwa wa punje ya mchele, nyeusi juu ya nyeusi: mzigo wa mwisho, kilo 800. Yalikuwepo siku zote. Na ile 100 haikuwa asilimia ya kitu chochote. Ni namba ya jedwali, kila namba na kilo zake; 100 ni kilo 800, 112 ni kilo 1,120. Hata S haikuwa supa, ni mwendo wa mwisho, kilomita 180 kwa saa, na R ni 170. Hilux yangu ikishuka mlima bila breki haifiki huko.

"Na hiyo C?" nikauliza.

"C ni tairi la gari la mizigo. Ukuta wake mgumu, linakula upepo mwingi. Tangu naanza kazi."

"Mbona hukuniambia, mjomba?"

"Nilikwambia laini."

Kufika hapo bodaboda ikasimama. Abiria alikuwa mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, anayekaa dawati la nyuma, na mwenye alama za kukaa nyuma. "Shikamoo, Mwalimu. Pole. Vipi?" Mjomba akamwambia vipi. Kisha akaniambia nitoe chaki, maana chaki haikosi mfukoni mwa mwalimu, tukapiga hesabu pale pale juu ya lami, bodaboda akiongoza magari.

Gari likiwa tupu, ekseli ya nyuma inabeba kama kilo 700. Mjomba anazijua hizo kwa kupita mizani maisha yake yote. Lumbesa moja aliikadiria kilo 130. Magunia kumi, 1,300, na karibu zote zimekaa nyuma. Jumla 2,000.

"Matairi mawili, mara 800?" mjomba akauliza.

Nilikuwa nafungua mdomo. "1,600," akasema mwanafunzi wangu. Muhula mzima hajawahi kunyoosha mkono.

"Imezidi ngapi?"

"400."

"Na yangekuwa na C? 1,120 mara mbili?"

Huyu kijana akafumba jicho moja. "2,240. Yangebeba, na chenji inabaki." Mjomba akaongeza kwamba gari lenyewe lingeguna, springi siyo za lori, lakini lingefika.

Kilo 400 kugawa kwa 130 ni magunia matatu, na kilo kumi za ziada. Tukashusha matatu. Kwa zile kumi wote tulimgeukia beberu, ambaye alikuwa amesharudi na anakula mkungu wa ndizi taratibu, akitupunguzia mzigo kwa namna yake.

Mjomba hakutosheka na jibu langu la kitabuni. Alikitazama kile kitambi, akasema tairi likishaota nundu jedwali lake limekwisha, akashusha matatu mengine. Magunia sita yalilala kwa mama wa mihogo, ambaye alitupokea kwa heshima kubwa na beseni limejaa viazi ambavyo alisema ni vya kwake toka juzi. Tulifika Mombo tunatambaa, na lori la mtu likamalizia kazi kwa bei ambayo mjomba mpaka leo hajanitajia. Hunitajia siku tu: "Siku ile."

Jumatatu nilikuta ubaoni, darasa la kidato cha tatu, pameandikwa kwa herufi kubwa: 112% > 100%. THIBITISHA. Sikuuliza nani.

Nilirudi Tanga na yale matatu. Kijana alinipokea kwa furaha, akaniambia vilivyouzwa havirudi, ila anaweza kunisaidia. Akaniletea manne yenye C. Nikauliza bei. Zilikuwa zimepita zile za supa.

"Si uliniambia hizi ni za China?"

"Mwalimu," akasema, na uso wake ulikuwa na huruma ya kweli kabisa, "C ni za mizigo. Hukujua? Hizi ndizo ghali."

Nililipa. Yakafungwa, gari likarudi kuwa gari. Kila shimo la Magamba sasa nalijua kwa jina. Mjomba alikuja, akalizunguka, akagonga la nyuma kwa bakora.

"Gumu," akasema.

Safari hii sikusema asante. Nilimuuliza kwanza kama ni sifa au lawama.

"Pakia," akasema. "Halafu uniulize."