Acheni Watu Walilie Geti Lao

Jumapili iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya kuingia EPCOT, hapa Orlando. Mbele yangu alisimama mzee wa Kimarekani, fulana yake ina nembo ya 1982, anamlalamikia mkewe kuhusu vitalu vya maua. Si bei ya tiketi, si jua la Florida. Vitalu. Vimekaa vibaya, anasema, vinamzuia mtu kuliona vizuri lile tufe kubwa tangu anapovuka geti. Mkewe akamsikiliza. Mfanyakazi wa getini naye akamsikiliza, tena kwa adabu, akamwambia awaandikie wenyewe. Nina hakika ameshaandika, kurasa mbili, na picha amebandika.

Nimekuwa na kijiba moyoni tangu siku hiyo, na leo nakitoa.

Kwa msiofuatilia mambo haya, yaani karibu nyote, na siwalaumu: EPCOT ni moja ya bustani nne za burudani za Disney hapa Florida, imefunguliwa tarehe 1 Oktoba 1982. Ukipita getini tu unakutana na Spaceship Earth, tufe la kama mita 55 kwenda juu. Mbele yake hapo zamani palikuwa na chemchemi yenye nguzo tatu angavu kama kioo. Ilipokaribia milenia mpya, mwaka 1999, nguzo zikaondolewa, kiwanja kikajazwa mawe makubwa ya matale yaliyobandikwa vibati vya chuma. Ulikuwa unalipa zaidi ya dola 30, unapigwa picha, sura yako inachorwa kwenye kibati kidogo kama stempu. Waliuza hivyo mpaka 2007, na nyuso zikafika mamia ya maelfu. Mashabiki wa zamani, ambao hawakuulizwa, wakayaita makaburi. Na kusema kweli, ukiyatazama asubuhi kabla watu hawajajaa, yalifanana.

Mwaka 2019 ikatangazwa kwamba mawe yataondoka na lango litapangwa upya. Hapo ndipo nilipowajua Wamarekani. Wale wa 1982 walishangilia kama wamerudishiwa shamba la babu. Wenye vibati wakaja juu: huyu sura ya marehemu mama yake imo mle, yule walipiga picha ya fungate, mwingine mtoto aliyepigwa picha akiwa mchanga sasa ana ndevu. Kazini kwangu kuna bibi mmoja mjane ambaye yeye na mumewe wako kwenye kibati kimoja. Alilisema jambo hilo wiki nzima chumba cha chakula, na hakuna hata mmoja aliyemwambia, mama, acha mambo ya kitoto. Mwisho wake vibati havikutupwa. Vilihamishiwa kwenye bustani nje kidogo ya lango, na yule bibi akaenda akakitafuta chake mpaka akakipata. Desemba 2020, katikati ya corona, chemchemi ikawashwa, nguzo tatu zimerudi, na nembo ya zamani imo ndani yake.

Mnadhani waliridhika? Wapi. Vitalu, viti, taa, rangi ya sakafu. Nyuma ya tufe uzio wa ujenzi ukasimama, sehemu kubwa yake mpaka Desemba 2023, na lile jumba la ghorofa tatu walilooneshwa kwenye michoro ya 2019 likafutwa kimyakimya, wakapewa bustani na taa. Taa ni nzuri usiku, mimi nazipenda. Wenyewe wamekasirika mpaka leo, na wanajua tarehe ya kila ahadi.

Sasa njooni Mombasa.

Mnaijua Lighthouse, pale ufukweni barabara ya Mama Ngina. Sina haja ya kueleza kachiri, madafu, mihogo ya kuchoma ya pilipili na ndimu, meli inayoingia Kilindini karibu mpaka unahisi ukinyoosha mkono utaigusa. Kila mtu wa mji ule ana jambo lake pale: aliposwa, aliachwa, alifundishwa kuendesha gari na ami yake huku akipigiwa kelele. Mwaka 2019 yakapigwa mabati. Oktoba tarehe 20, Siku ya Mashujaa, pakazinduliwa upya kwa jina la Mama Ngina Waterfront, na sherehe za taifa zikafanyika palepale. Malango mapya, ukumbi wa wazi, njia za kutembelea, vibanda vya kupangwa.

Mimi nilikuwa huku. Niliona picha kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, nikaandika sentensi moja tu. Niliuliza: wale wauza madafu waliokuwa chini ya mibuyu wamewekwa wapi? Basi. Sikutukana serikali, sikusema pamekuwa pabaya. Binamu wa kwanza: "Kwani ulitaka pabaki uchafu ule?" Wa pili: "Mko Ulaya mnataka sisi tubaki nyuma." Niko Marekani, lakini haidhuru, kwa binamu yangu kote ni Ulaya. Wa tatu akaleta lile neno la kufungia mjadala: "Usipinge maendeleo." Na ami yangu, niliyemtegemea, maana yeye alikuwa pale kila magharibi kwa miaka, akatuma kidole gumba.

Hili ndilo linalonikera, na msinigeuzie maneno. Sisemi mradi ulikuwa mbaya. Nilipokuja likizo nilikwenda, nikakaa, nikaona familia za kila aina, watoto wanakimbia, wazee wana pa kukaa. Pamependeza. Ninalosema ni kwamba kwetu mtu akipenda mahali, kisha mahali hapo pakageuzwa, haki yake ni moja: kushukuru. Akisema hata neno moja la "lakini", anaonekana mjinga au adui. Na anayemnyamazisha si waziri wala askari wa kaunti. Ni binamu yake.

Najua mtakayosema, naanza kuyajibu kabla hamjaandika.

Mtasema hawa wazungu wana pesa na nafasi, wameshiba, ndiyo maana wanalilia chemchemi. Nendeni mkawaone. Mashabiki hawa wengi ni madereva wa mabasi, wauguzi, makarani, watu wanaodunduliza mwaka mzima ili walete watoto. Na kushiba kunahusiana nini? Mama yangu hakuwa na kitu, na alijua kila mbuyu pale Lighthouse. Umaskini haujawahi kumzuia mtu kupenda mahali. Umetupa tu kisingizio cha kuambiana tunyamaze.

Mtasema nimelewa ughaibuni. Haya. Basi nikwambieni ninachowaringia Wamarekani kila siku, mpaka wenzangu kazini wamechoka. Kwetu bahari unaitazama bure. Mvuvi, hakimu na mtoto wa shule wanakaa ukuta mmoja. Huku, kuliona hilo lango wanaloligombania, unalipa zaidi ya dola 100 kwa kichwa, na kuegesha gari ni pesa nyingine. Nimewaambia: nyinyi mnalilia chemchemi iliyochorwa ofisini na watu wa kampuni, sisi tuna mkondo wa Kilindini. Wakanijibu, kwa hiyo nyinyi mkiharibiwa huo mkondo mtapiga kelele kiasi gani? Nikakosa la kusema, kwa sababu nilikumbuka kidole gumba cha ami.

Atakuja na msomi wangu mmoja, namwona anakunja mikono ya shati: vipi kuhusu Wangari Maathai? Mbona yeye alipiga kelele mwaka 1989, jengo la ghorofa 60 likashindwa kuota Uhuru Park? Ni kweli kabisa, na asante kwa kunikumbusha. Lakini tukumbuke na lililompata. Alikejeliwa mpaka Bungeni, hata talaka yake ikatiwa mdomoni. Mwaka 2004 alipopewa Nobel ndipo wote tukawa tulikuwa naye tangu mwanzo. Sitaki kila mwenye swali kuhusu bustani alazimike kuwa shujaa. Huyu mzee wa vitalu si shujaa wa chochote. Ni msumbufu mwenye fulana, na bado anajibiwa kwa adabu.

Kuna jingine, nalo linaniuma zaidi kidogo kuliko ninavyotaka kukiri hapa. Bustani ya jirani, Animal Kingdom, iliyofunguliwa 1998, ina mji wa kubuni uitwao Harambe. Wabunifu walikwenda mpaka Lamu kutazama, wakarudi wakajenga kuta, baraza, milango, mabango ya Kiswahili. Mafundi walilipwa kuzifanya kuta hizo zionekane kuukuu: lipu imebanduka hapa, ufa umepita pale, rangi imepauka kwa chumvi ya bahari ambayo haipo. Na mashabiki wanaujua kila ufa! Badilisha bango moja Harambe uone watakavyokushukia. Wakati huohuo, kule Mji wa Kale wa Mombasa, mlango wa nakshi unang'olewa, linatiwa geti la chuma lenye rangi ya dhahabu, na jirani anakuja kumpongeza mwenye nyumba. Mimi pia ningempongeza. Ningesema mashallah, geti zuri, nisionekane nina husuda.

Basi hiyo ndiyo elimu niliyoipata huku, wala si ya chuo: kulalamika bila haya juu ya kitu ninachokipenda. Si hasira, si siasa. Unasema tu, hapa palikuwa pangu pia, mbona hamkuniuliza? Nikirudi na tabia hii mtaniita mwenye kiburi. Semeni. Nilikuwa naitwa hivyo hata kabla sijapata pasipoti.

Na nimeanza mazoezi palepale EPCOT. Ukizunguka lile ziwa lenye majumba ya mataifa, utakuta Mexico, Norway, China, Ujerumani, Japani, mpaka Morocco. Afrika yetu sisi, ya kusini mwa Sahara, ina kibanda kati ya China na Ujerumani, kinaitwa Outpost, kina ngoma na vinywaji baridi. Palikuwa na mpango wa kujenga banda kamili la Afrika ya Ikweta, halikujengwa hata siku moja. Ile nafasi naijua vizuri sasa, najua jua linapigia wapi saa kumi. Nimewaandikia. Nimeanza na suala la kivuli, nikaenda kwenye baraza, nikasema na kahawa iwe ya tangawizi, ya deli, si ya mashine. Kurasa mbili, na picha nimebandika.