Kisu cha springi ama cha kuagiza? Ukiwa na elfu mbili hapa Kisumu

Binamu yangu analima miwa kule Muhoroni. Wiki jana akanipigia akaniambia omera, niko na elfu mbili, nataka kisu kimoja tu cha kazi ngumu, cha kukata kamba, kupasua kuni, kuchinja mbuzi, na hata kuchokoa muhogo ardhi ikiwa kavu, na si kile cha kukunja, kile kimenyooka tu na mpini wake. Nikamwambia nipe siku mbili nikuulizie. Siku mbili zikageuka wiki kwa sababu kila mtu nilimuuliza ako na lake, na wote wanaangukia pande mbili: wale wanasema enda soko la Kibuye kwa mafundi wa jua kali utengenezewe cha springi ya lori, na wale wanasema wachana na hiyo michezo, agiza cha kiwanda ulale usingizi.

Wa springi wako na hoja, tena kubwa. Ile springi ya bapa unaona chini ya lori si chuma ya mchezo. Malori mengi hapa ni ya Kijapani, na Wajapani springi zao nyingi hutumia chuma wanaita SUP9, Wamarekani wako na ndugu yake wanaita 5160, zote ziko na kaboni karibu asilimia 0.6 na kromiamu kidogo isiyofika asilimia 1. Kaboni hiyo inatosha kushika makali lakini haijazidi hadi chuma iwe kama glasi. Na fikiria imefanya kazi gani kabla ifike kwa fundi, imebeba tani za miwa barabara ya mashimo, ikapinda ikarudi, ikapinda ikarudi, miaka na miaka. Ukitaka chuma inavumilia kupigwa na kuchokolewa, si ndo hiyo.

Shida ni moja, na hapa ndo naona watu wanabishana bure. Wanabishana juu ya chuma na kumbe maneno yote iko kwa moto. Springi ikishaingia kwa makaa na kufuliwa, ile tabia yake ya springi imeisha, ni lazima fundi airudishe. Anaipasha hadi iwe nyekundu kiasi kwamba sumaku haishiki tena, anapandisha kidogo tu zaidi, halafu anaizima kwa oili, na mafundi wetu wengi hutumia oili chafu ya injini ambayo kwa springi inafanya kazi sawa. Ikitoka hapo ni ngumu sana na inaweza vunjika ukiiangusha kwa simiti, so inarudi kwa moto mdogo, kama digrii 200, saa moja ama mbili, hadi ile sehemu imesuguliwa ikang'aa ianze kuwa rangi ya majani makavu. Hiyo hatua ya mwisho ndo wengi huruka, kwa sababu mteja amesimama hapo anaharakisha na fundi ako na visu vingine kumi vya kumaliza. Wengine wanazima kwa maji badala ya oili kwa sababu hata jina la hiyo kazi kwa Kiswahili ni kutia maji, na springi ukiitia maji ghafla inaweza pata ufa mdogo wa nywele usiouona hadi siku kisu kinakatikia mkononi.

Mimi yalinipata. Miaka kadhaa nyuma nilinunua kimoja sokoni, siwezi sema ni kwa nani, kizuri kwa macho, mpini wa mbao umesuguliwa vizuri, nikalipa mia sita nikaenda nacho ushago. Siku ya pili nakipiga na kipande cha kuni nipasue gogo, kikakatika pale karibu na mpini. Kuangalia ndani, mkia wa chuma ulikuwa umeungwa na weldingi, na hapo penye weldingi rangi ilikuwa imebadilika kabisa. Tangu hiyo siku mimi kisu ya kazi ngumu lazima chuma itoke ncha hadi mwisho wa mpini ikiwa kipande kimoja, nione misumari ya pembeni na nione chuma kati ya mbao mbili.

Halafu kuna grinda. Hata fundi akitia moto vizuri, akianza kunoa na grinda bila kuchovya kisu kwa maji, makali yanageuka bluu, na chuma ikiwa bluu imeshafika karibu digrii 300, pale ulipolipia ugumu sasa ni laini. Utanoa asubuhi, saa nne kisu hakikati kitu. Ukiona bluu karibu na makali, rudisha mezani, usiambiwe ati ni urembo.

Sasa wa kuagiza. Kisu wanachotaja karibu wote ni Mora, cha Sweden, kampuni iliyoanza 1891 pande za mji unaitwa Mora. Ile Companion yao ya kawaida huko Marekani inauzwa karibu dola ishirini, bleidi iko urefu wa kama sentimita 10, unene milimita 2.5, mpini wa plastiki na mpira ambao hautelezi hata mkono ukiwa na damu ya samaki. Unachonunua hapo si jina. Unanunua uhakika kwamba kisu namba elfu moja kutoka kiwandani kimepita moto sawa na namba moja. Kwa jua kali hiyo haipo, fundi huyo huyo kisu cha Jumatatu na cha Ijumaa vinaweza kuwa watu wawili tofauti.

Lakini hiyo Mora ya kawaida mkia wake haufiki mwisho wa mpini, umeingia tu ndani ya plastiki. Watu wanaitumia kupasua kuni na nyingi zinavumilia, iko pia ile nzito yenye unene wa milimita 3.2, lakini kuchokoa, yaani kuingiza ncha mahali na kubinua, hapo siwezi kuiamini. Na ikifa imekufa, mpini wa plastiki hakuna fundi wa kukubadilishia. Weka pia usafiri na ushuru, ukifika Kisumu elfu mbili ya binamu imeshakauka. Na ukipata ya bei rahisi sana mtandaoni, uliza mara mbili, kuna visu vimeandikwa tu stainless bila kusema ni stainless gani, na hiyo peke yake haikuambii kitu, hata kijiko ni stainless.

Kuhusu kutu watu wanaogopa kupita kiasi. Ziwa letu ni maji baridi, si chumvi kama Mombasa. Chuma ya springi itashika kutu ndiyo, lakini ukiipangusa na kuipaka mafuta ya kupikia kidogo jioni inakaa miaka. Mtu wa Dunga anayeshinda kwa mtumbwi mkono uko kwa maji siku nzima, huyo nitamwambia achukue stainless na asinisikilize mengine yote. Yeye anakata kamba na nyavu, habinui kitu.

Kuna njia ya tatu watu wanaidharau, panga iliyovunjika. Panga nzuri ni chuma ya kaboni iliyoachwa laini makusudi ili ipinde kuliko kuvunjika, ukipata kipande cha sentimita 25 fundi anakikata na kukitia mpini kwa pesa ya chai. Ni nyembamba, inakata vizuri, inanoleka na tupa ya kawaida. Haishiki makali muda mrefu, na kwa kubinua inapinda, lakini unainyoosha na mguu maisha yanaendelea. Kama binamu angekuwa na mia tatu singemwambia kitu kingine.

Kwa elfu mbili nimemwambia springi, kwa masharti. Asimwache fundi aache unene wa springi wote, zile za lori zinapita milimita 7 na hiyo si kisu tena, ni mtaimbo. Milimita nne mgongoni inatosha, na ishuke pole pole hadi makali, kwa sababu kisu kinene hakikati kinasukuma. Kama fundi hana uhakika na moto wake, afadhali asifue kabisa, akate umbo na grinda huku anachovya maji, ile tabia ya springi ibaki vile ilitoka kiwandani. Hapo kisu kitakuwa laini kuliko Mora, utanoa mara nyingi, lakini kukivunja utatoa jasho. Watu wa makali watanipinga hapa, wanasema kisu cha kunoa kila siku ni kazi ya bure, na kama kazi yako ni kukata tu wako sawa. Ya binamu ni kukata na kutesa.

Kingine ni kwamba huyu fundi yuko Kibuye, kikipinda unamrudia na kisu mkononi. Sweden utarudi na nini? Lakini hiyo inafanya kazi tu kama unajua kupima kabla ulipe, la sivyo utauziwa nondo imepigwa rangi nyeusi ukaambiwa springi, na nondo hata uizime mara ishirini makali haitapata. Kupima si ngumu. Pitisha tupa kidogo kwa makali, ikiteleza kabisa kama kwa glasi ni ngumu sana, uliza kama kilirudishwa kwa moto mdogo. Ikiuma kama kwa msumari hiyo ni nondo ama chuma imeungua. Inatakiwa ishike kidogo kwa shida. Halafu kandamiza makali pole pole juu ya kipande cha shaba uangalie, yakipinda yakarudi, kisu kiko sawa, lakini yakibaki yamepinda ama yakitoka vipande, asante fundi, tutaonana.

Jumapili binamu anakuja na matatu ya asubuhi. Nimemwambia abebe tupa kwa mfuko, na fundi akikataa tupa iguse makali tunasonga kwa meza inayofuata.