Mwacheni mtoto amhoji shujaa wake

Wiki iliyopita nilikuwa napitia daftari la sayansi la mpwa wangu wa miaka tisa, nikakuta karatasi ya mazoezi ambayo mpaka leo inanikera. Juu kabisa kachorwa Spider-Man akining'inia kwenye uzi wake. Chini yake maswali kumi: taja sehemu za mwili wa buibui, taja tofauti mbili kati ya buibui na mdudu, jaza nafasi zilizo wazi. Shujaa hatajwi tena mpaka mwisho wa karatasi. Pembeni, kwa penseli, mpwa wangu kaandika swali lake mwenyewe: "Buibui akiwa mkubwa kama mtu ataweza kupanda ukuta?" Nikamuuliza mwalimu alimjibu nini.

"Alisema hiyo haimo kwenye mada, mjomba."

Haimo kwenye mada! Hiyo ndiyo mada yenyewe. Ndiyo sentensi pekee ya kisayansi katika karatasi nzima, na kaiandika mtoto.

Siku hizi kila mtu anasema tuwatumie mashujaa kuwavutia watoto kwenye sayansi, nami nakubali kwa moyo wote. Ila kuwavutia waende wapi? Tunachofanya ni kubandika picha, mtoto akishasogea tunamrudishia yale yale ya kukariri. Watoto wanalitambua hilo upesi sana, na wakishalitambua hawaji tena hata ukiwabandikia mashujaa kumi.

Jioni ile tuliketi sakafuni na vipande vyake vya mbao vya kuchezea, vile vyenye pande zote sawa. Nikaweka kimoja. Kisha nikamwambia ajenge kingine cha umbo lile lile, lakini urefu mara mbili, upana mara mbili, kimo mara mbili. Akahesabu: vipande vinane. Vinavyogusa sakafu? Vinne. Tukajenga cha mara tatu, vikawa 27, na vinavyogusa sakafu tisa tu. Akakitazama kwa muda, kidole kikiwa kwenye safu ya chini, akasema, "Kwa hiyo vya chini vinaonewa."

Vinaonewa, naam. Sijasikia maelezo mazuri kuliko hayo. Ukimkuza buibui mara 100 kwa kila upande, uzito wake unapanda mara 1,000,000, lakini unene wa miguu, ukiukata na kupima eneo lake, unaongezeka mara 10,000 tu. Kila mguu unaelemewa mara 100 kuliko ulivyozoea. Galileo, mwanasayansi wa Italia, aliliandika jambo hili mwaka 1638, akachora mfupa wa kawaida na mwingine mrefu mara tatu, ule mrefu ukiwa umenenepa kupita kiasi ili upate kuhimili uzito. Kunata ukutani nako kuna shida hiyo hiyo, kwa kuwa uzito unakua haraka kuliko ngozi inayogusa ukuta. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walikokotoa kwamba mtu akitaka kupanda ukuta kama mjusi kafiri, atahitaji asilimia 40 hivi ya mwili wake iwe ya kunata. Akitaka kutumia miguu peke yake, avae viatu namba 145 kwa vipimo vya Ulaya. Mpwa wangu akavua kiatu chake akaanza kukipima kwa rula, bila kuambiwa na mtu.

Hapo ndipo ninapotaka tufike. Thamani ya shujaa kwa mwalimu iko pale uongo wake unapogongana na dunia. Superman alipotokea mara ya kwanza mwaka 1938 hakuwa anapaa, alikuwa anaruka umbali wa kama mita 200, na katuni ile ikamtetea kwa mfano wa sisimizi anayebeba mzigo mkubwa kuliko mwili wake mara nyingi. Mtoto aliyekwisha kujenga vile vipande vya mbao ataona kosa mwenyewe: sisimizi ana nguvu hizo kwa sababu ni mdogo. Mkuze awe kama mtu, hata kusimama itamshinda. Hebu fikiria mtoto wa miaka tisa anamkosoa Superman, na ana haki! Mtoto huyo hutamwondoa tena kwenye sayansi.

Najua wapo wanaolalamika, na si wa kupuuzwa wote. Mashujaa wengi hupata nguvu kwa bahati, mara kaumwa na buibui mwenye mionzi, mara maabara imelipuka, na mtoto anaweza kudhani ugunduzi huja hivyo, bila miaka ya kukosea na kurudia. Hilo nalikubali. Ngumi nazo ni nyingi mno. Wasichana wamechelewa sana kupewa mashujaa wanaofanana nao. Lakini yote hayo yanazungumzika na mtoto, mradi aruhusiwe kuzungumza.

Ndiyo maana nyumbani tuna sheria moja: unaweza kubuni shujaa yeyote, ila lazima ueleze nguvu yake inafanyaje kazi na inamgharimu nini. Mpwa wangu alibuni msichana asiyeonekana, mwanga unampita kama vile hayupo. Nikamuuliza ataonaje njia. Akashangaa swali. Tukazungumza: jicho linaona kwa sababu linaunasa mwanga unaoingia ndani yake, na mwanga ukipita moja kwa moja bila kunaswa, jicho halina cha kuona. Shujaa wake alikuwa kipofu.

Alinuna. Akakaa na penseli yake mezani mpaka chakula kikapoa, na mimi sikumsemesha, kwa sababu kunyamaza kule kulikuwa kazi. Baadaye akaniletea karatasi nyeupe isiyo na kitu ila vidoti viwili vyeusi, vimekaa pamoja katikati.

"Macho tu ndiyo yanaonekana, mjomba. Kwa hiyo akiwa karibu na adui inabidi afumbe, na akifumba haoni. Bado nafikiria hapo."