Sosi Kidogo Tu

Nyama niliacha, na sitaki kuulizwa kwa nini. Niliacha, basi. Tatizo mdomo haukuacha kupenda tambi za Kivietinamu na bilinganya za Kichina, na hapo ndipo nilipojitafutia kesi na mikahawa ya mji mzima.

Lugha yenyewe hainisaidii. Mwambie mtu kwa Kiswahili kwamba unakula mboga tu, atakuelewa vizuri sana: mboga ni chochote cha kushushia wali, hata awe ng'ombe na pembe zake. Nikabadilisha, nikasema sili nyama. Nikaletewa kuku. Nikasema sili chochote kilichowahi kuwa na macho. Mhudumu akaitikia kwa adabu zote, akarudi na bakuli la tofu linalofuka moshi. Supu hii ya nini, kaka?

"Ya mifupa, mzee. Lakini nyama tumetoa."

Tumetoa! Kana kwamba nyama ni mgeni, ukimsindikiza hadi mlangoni anaondoka na harufu yake. Phở, ile supu ya tambi ya Kivietinamu, ya kawaida ndivyo ilivyo: mifupa ya ng'ombe imechemka saa na saa, pamoja na mdalasini na tangawizi iliyochomwa motoni. Wakupangie bustani nzima juu yake, chini ni zizi tu.

Halafu kuna nước mắm, sosi ya samaki ya Kivietinamu. Hao ni samaki wadogo, jamii ya dagaa, wanashindiliwa chumvi ndani ya pipa na kuachwa miezi na miezi, hata mwaka mzima, mpaka samaki anageuka maji. Maji hayo huingia kwenye saladi, kwenye kachumbari, kwenye kibakuli cha kuchovyea. Ukiuliza, jibu ni moja: "Sosi kidogo tu." Kiumbe kavunda mwaka mzima kwa ajili yangu, naambiwa kidogo tu!

Wachina nao wana yao. Tofu ya mapo, ile ya Sichuan inayowasha mpaka ulimi unakufa ganzi, imenyunyiziwa nyama ya kusaga. Maharage mabichi ya kukaanga, nyama ya kusaga. Mboga za majani zinazong'aa kama viatu vya bwana harusi, hiyo ni sosi ya chaza. Nikaona kwenye menyu bilinganya "yenye harufu ya samaki", nikaikwepa miezi. Kumbe yúxiāng, yaani hiyo harufu ya samaki kwa Kichina, haina samaki hata wa dawa. Ni pilipili, kitunguu saumu, tangawizi, sukari na siki. Siku niliyogundua nilijiona profesa. Nikaagiza kwa sauti. Ikaja na nguruwe wa kusaga. Yaani aliyetajwa hayumo, na aliyemo hakutajwa.

Ndipo nikajifunza neno lenyewe. Kivietinamu ni chay. Nikaingia mahali nikaagiza cơm chay, wali usio na nyama, nikiitamka kwa madaha, sauti ikapanda mwishoni kidogo. Ole wangu. Ukiipandisha inakuwa cháy, yaani kuungua. Nikaletewa wali wa ukoko, umekaangwa ukakauka kau, na juu yake nyama ya nguruwe iliyochambuliwa ikawa kama pamba. Sikulalamika. Niliagiza mwenyewe, tena kwa madaha.

Siku hizi sitamki, naonyesha kidole. Natafuta chay mlangoni, au sù ya Kichina, kwa sababu humo hata sosi imetubu: chaza wamewaachia uyoga nafasi, na supu imetoka kwenye mboga kweli. Nimepata mahali pamoja pazuri mno, shida ni kupata kiti. Wabudha wengi wa Kivietinamu hula chay tarehe 1 na 15 za kalenda ya mwezi, basi mwezi ukipevuka foleni inafika barabarani. Mimi mtu mzima natazama angani kabla ya kwenda kula tambi.

Juzi nikapata meza. Nikaagiza bata wa bandia. Jamani, yule bata alikuwa na ngozi! Ina vinyweleo! Nikasukuma sahani, nikamwita mhudumu huku moyo unanidunda. Akaniambia ni ngano, ule utando wake unaovutika, na ngozi ni ya maziwa ya soya. Nikamwapisha. Akaapa. Nikala bata mzima wa ngano huku namchunguza kama polisi.

Alikuwa mtamu, ila alipungukiwa kitu. Nikaomba wanipondee kitunguu saumu, kidogo tu.

Kumbe mapishi ya watawa wa Kibudha hayataki vitunguu vya aina yoyote, ati huchochea tamaa. Mhudumu akanitazama bila kusema neno, na mtazamo ule niliutambua mara moja. Ndio ule ule niliomtazama nao yule kaka wa mifupa.